Mpimaji wa Ngwe

Alikuwa na desturi ya kunawa mikono kabla ya kugusa kamba yake ya kupimia, kama mtu anayekwenda kula. Maji kwenye kambi yetu ya reli yalikuwa ya kugawana, na watu walimsema sana kwa hilo. Alilowesha vidole tu, akajifuta kwenye shuka mpaka vikauke, ndipo akaikunjua kamba. Siku moja nilimwuliza sababu. Akasema mkono wenye udongo huacha udongo kwenye mafundo, fundo likinenepa kipimo hubadilika, na kipimo kikibadilika kuna mtu ataumia. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, kama alivyosema kila kitu.

Tulimwita Mpimaji. Bila shaka alikuwa na jina, ila sikulisikia likitumika. Wengine walidai ametoka Tabora, wengine pwani, na yeye hakuwasahihisha hawa wala wale. Mimi namjua kwa miaka tuliyoishi ujirani Miyuji, na kabla ya hapo kwa msimu mmoja kwenye tuta la reli, Wajerumani walipokuwa wakiipitisha reli yao katikati ya Ugogo. Msimu huo mmoja ndio unaonifanya nimzungumzie mpaka leo.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na sikio lake la kushoto lilikatika ncha. Watu wakija kumtembelea aliwapa kigoda kizuri, yeye akaketi chini, lakini baada ya muda mfupi alisimama na kuwaambia waziwazi kwamba amechoka nao. Bao alilipenda kupita kiasi na hakulijua hata kidogo. Alifungwa na kila mtu pale Miyuji, hata na waliokuwa wanajifunza, na kila alipofungwa alitikisa kichwa kwa mshangao uleule. Mtu huyu aliweza kutazama kambi ya watu mia nne na kukuambia kazi yao ya siku ikoje, lakini kete za mwenzake zilizokuwa mbele ya macho yake hakuziona.

Kushukuriwa hakukupenda. Ukimshukuru alikukatiza akauliza habari za mvua.

Neno alilolirudia mara nyingi kuliko yote ni kwamba jicho hupenda wakubwa. Alimaanisha kwamba mtu akitazama kundi lolote, la ng'ombe au la watu, jicho lake huenda moja kwa moja kwa aliye mkubwa kupita wote, kisha akili humfuata. Jirani yetu mmoja alikuwa na dume jeusi lenye nundu kama kichuguu. Kila mgeni alipelekwa kuliona. Binti wa kaka yangu alipochumbiwa na mtoto wa jirani huyo, wazee wa ukoo walikwenda kuona mifugo, na Mpimaji akaalikwa awe shahidi. Walisimamishwa mbele ya lile dume, nao wakalisifu kama adabu inavyotaka. Mpimaji alisubiri wamalize. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba dume ameliona tangu mwaka juzi, na sasa anaomba kuoneshwa ng'ombe wa katikati: yule ambaye nusu ya zizi ni wakubwa kuliko yeye na nusu ni wadogo kuliko yeye. Jirani alikasirika asimsemeshe miezi mitatu. Lakini zizi lilifunguliwa, na wazee wakaona mbavu za ng'ombe waliokonda.

Jambo la vilindo lilikuwa kubwa zaidi. Vilindo ni yale matenga makubwa ya nafaka tunayoyaweka ndani ya tembe, nyumba zetu za udongo. Mwaka ule mtama ulikuwa umeota vizuri upande mmoja wa kijiji na kuungua upande mwingine, na wachuuzi wa Kondoa walikuwa wamefika na nguo na chumvi, wakitaka nafaka. Jumbe alitembezwa nyumba tatu zenye neema, akaona vilindo vimejaa, akawa tayari kuruhusu watu wauze. Mpimaji alimwomba siku mbili. Aliokota vigae vya vyungu, kila nyumba kigae chake chenye alama, akavitia kwenye kibuyu. Akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kuni, mgeni wa kijiji kingine, akamwomba atumbukize mkono na kutoa tisa. Nyumba hizo tisa alizikagua mwenyewe. Hakuwauliza wanaume. Alisema mwanamume hajui kilindo chake kitaisha lini, anajua tu kilijaa lini. Aliwauliza wake zao, na kila mmoja akamwambia nafaka yake itamfikisha mwezi gani. Kisha akawapanga, kuanzia mwenye nafaka nyingi mpaka mwenye haba, akahesabu mpaka wa tano. Yule mama wa tano alikuwa amesema nafaka yake itaisha miezi miwili kabla ya mvua.

Jumbe alibisha kwamba tajiri wetu mmoja ana nafaka ya kulisha kaya kumi, na ukichanganya yote na kugawa, kijiji kinatosha. Mpimaji alimwuliza kama tajiri huyo amekubali kugawa. Nafaka haikuuzwa. Mwaka ule tulikula majani na mlenda mtupu kwa wiki chache, lakini hakuna mtu tuliyemzika kwa njaa. Vijiji vya mbele yetu vilizika.

Basi watu walimwogopa kidogo, kama unavyomwogopa mtu anayeweza kuona chini ya maji. Mimi sikumwogopa. Nilikuwa nimemwona akikosea.

Nilikwenda kwenye reli kwa sababu mvua ilitunyima miaka miwili mfululizo. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto mchanga, nikaenda nao, na Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha salamu na bei. Kazi yetu ilikuwa kuchimba udongo na kuupandisha tutani. Kila mtu alipimiwa ngwe yake asubuhi, yaani kipande cha mtaro cha kuchimba, upana mmoja na kina kimoja, urefu wa hatua kumi na mbili. Ukimaliza umemaliza. Jua likizama hujamaliza, mnyapara alikuwa na kiboko.

Hatua kumi na mbili zilitoka kwa Salimu. Salimu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mrefu, mpana, na sururu mikononi mwake ilikuwa kama kijiti. Mnyapara alipotakiwa na Mzungu mkuu wa kazi aseme mtu anaweza kuchimba kiasi gani kwa siku, alimwita Salimu achimbe, akapima alipofika mchana. Kwa mnyapara huo ulikuwa ukarimu, maana Salimu angeendelea mpaka jioni angefikisha kumi na nane. Sisi wengine tuliumia. Jioni mistari ya waliochapwa ilikuwa mirefu kuliko mistari ya waliokwenda kula. Watu walitoroka kuingia porini, wengine bila chakula wala maji. Salimu alikula peke yake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuketi karibu na mwili uliotuletea ngwe ile. Yeye mwenyewe hakujua sababu. Alidhani tunamtenga kwa dini.

Tuta likachelewa. Yule Mzungu hakuwa mtu wa huruma, ila alijua hesabu, na aliona watu wanapungua na udongo haupandi. Ndipo akamwita Mpimaji kutoka kikosi cha waliotangulia kupigilia vigingi vya njia ya reli, amwambie kweli ya kambi.

Alifika na kamba yake na kikapu. Kila mmoja wetu alikuwa na kibati chenye namba shingoni. Alivikusanya vyote kikapuni, akavifunika kwa kitambaa, akamsimamisha mama mmoja muuza uji na kumwomba atoe kumi na moja. Mnyapara alijitolea kumchagulia watu wazuri. Mpimaji akamwambia watu wazuri tayari tunawajua.

Kibati changu kilitoka. Nilikuwa na homa siku ya tatu, nimelala kibandani, mke wangu akinikanda. Nilitolewa nje nikisimama kwa kushika ukuta. Mnyapara aliponiona alicheka, akasema huyu arudishwe, atolewe mwingine, maana mgonjwa ataharibu kipimo. Hapo ndipo nilipomsikia Mpimaji akipandisha sauti, na sikumsikia tena akifanya hivyo.

"Homa imo kambini," alisema. "Kama imo kambini, na iwemo kikapuni."

Nikachimba. Kibati cha Salimu nacho kilikuwa kimetoka, akawa jirani yangu mstarini, na udongo wake ulinirukia siku nzima. Jioni Mpimaji alinawa, akapima. Akatupanga kwa urefu wa kazi, Salimu mbele na hatua zake kumi na nane, mimi nyuma kabisa na hatua tatu. Akahesabu kutoka mbele watano, akahesabu kutoka nyuma watano, akabaki mtu mmoja katikati, Mgogo wa Kongwa mwenye umri wangu ambaye hakuna aliyewahi kumtazama mara mbili. Alikuwa amechimba hatua saba. Mpimaji akamwekea mkono begani.

Alirudia siku ya pili kwa watu wengine kumi na moja, na siku ya tatu kwa wengine. Mtu wa sita wa siku ya pili alichimba saba. Wa siku ya tatu alipungukiwa na saba kwa nusu hatua. Mzungu alikuwa na njia yake, ya kujumlisha kazi yote na kuigawa kwa watu, na fungu lake lilipanda siku aliyokuwamo Salimu na kushuka siku asizokuwamo. Mpimaji alimwonesha karatasi zote mbili pamoja. Mtu mmoja mwenye nguvu, alimwambia, huinua jumla yako yote, lakini mtu wa sita hasogei. Mzungu alizitazama karatasi muda mrefu. Kisha akaamuru ngwe iwe hatua saba.

Siwezi kueleza furaha iliyokuwako kambini. Watu wachache kiasi kile, kwa siku tatu, waliwasemea watu mia nne, na kila mmoja wetu alijua moyoni kwamba kilichosemwa ni kweli. Wanawake walimpelekea Mpimaji togwa. Aliirudisha.

Siku ya kwanza ya ngwe mpya, jua lilipozama, nusu ya kambi ilikuwa imemaliza na nusu haijamaliza. Mnyapara akachukua kiboko chake.

Nilichapwa siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, na ya nne. Waliokuwa juu ya mtu wa sita walimaliza saa tisa, wakaoga, wakaketi kivulini. Sisi wa chini tulipanga mstari. Mpimaji alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma. Nilimwona siku ya kwanza amekunja uso kama mtu aliyesikia neno la lugha asiyoijua. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alikwenda kwa Mzungu kuomba ngwe ipunguzwe, na Mzungu akamjibu kwamba aliombwa apime, amepima vizuri, sasa aache wengine wafanye yao.

Siku ya nne, baada ya viboko, nilimfuata kibandani kwake. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani homa ilisaidia. Alikuwa ameketi mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, nikabaki nimesimama kwa kuwa mgongo haukuniruhusu kuketi.

"Bwana Mpimaji," nilimwambia, "umesema kweli. Lakini mtu wa katikati ana watu chini yake. Mimi ni wa kumi na moja."

Alinitazama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza ananitazama usoni. Nikangoja anifukuze. Mwishowe akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, ni kitu gani Mzungu anakitaka, watu au udongo. Nikamwambia udongo, hilo hata mtoto anajua. Akasema basi hakuna haja ya kuupata kwa kila mtu.

Kesho yake hakwenda kwa Mzungu kwanza. Alikwenda kwa Salimu, akaketi naye pale alipokuwa akila peke yake, nami nilikuwa karibu nikasikia. Alimweleza hatua kumi na mbili zilitoka wapi. Salimu aliacha kutafuna. Aliuliza mara mbili kama ni kweli watu walichapwa kwa kipimo cha mkono wake, na Mpimaji akamwambia ni kweli. Kisha akamweleza anachokitaka: ngwe isiwe ya mtu mmoja. Iwe ya wawili, hatua kumi na nne, na wawili hao wapangwe mwenye nguvu kuliko wote na dhaifu kuliko wote, wa pili kutoka mbele na wa pili kutoka nyuma, hivyohivyo mpaka wakutane katikati. Wenye nguvu wangechimba zaidi, hilo hakumficha. Wangekataa, na wangekuwa na haki ya kukataa, isipokuwa mmoja wao aanze.

Salimu alifikiri kidogo. "Wa mwisho ni nani?" akauliza.

Mpimaji akaninyooshea kidole.

Salimu akasogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi aliyoiacha. "Njoo ule," akaniambia.

Mzungu alikubali siku hiyohiyo, kwa sababu udongo ungekuwa mwingi kuliko ule wa watu kumaliza saba na kwenda kuoga. Wenye nguvu wengine walinung'unika, lakini ilikuwa vigumu kunung'unika mbele ya Salimu. Jioni ya kwanza jozi chache zilibaki nyuma kidogo, na wenzao wakashuka mtaroni kuwasaidia kabla jua halijazama. Mnyapara alizunguka na kiboko chake kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, akarudi. Hakupata wa kumchapa. Nilimtafuta Mpimaji kwa macho nikamwona amegeuka, anaangalia vilima.

Reli ilipopita Dodoma na kuelekea magharibi, yeye hakuifuata. Alijenga Miyuji, mwendo mfupi kutoka kwangu, na akaishi pale kama nilivyosimulia, akifungwa bao na kuwaudhi wenye madume. Hatukuwahi kuzungumza habari za kambi.

Mara ya mwisho nilimwona Kongwa, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Alikuwa amehama kwetu mwaka mmoja nyuma bila kuaga. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mbegu, maana zetu zilichukuliwa na askari, na nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya watu waliomhifadhi, jua la asubuhi likimpiga miguuni. Alikuwa amezeeka ghafla. Macho yamefunikwa na ukungu, na mdomo wake ulikuwa na kovu bichi. Wenyeji waliniambia kwamba waliletwa wapagazi wengi wa jeshi, na ofisa aliyesikia sifa zake alimtaka apime mtu anaweza kwenda umbali gani na mzigo kichwani kwa siku. Alijibu kwamba amesahau kupima. Walimpiga, akajibu vilevile.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba." Aligeuza kichwa kuitafuta sauti. Nilipotaja jina langu halikumwambia kitu. Nikamwambia mimi ni yule wa kumi na moja.

Mkono wake ulipapasa hewani mpaka ukaupata wangu.

"Siku nne," akasema.

Sikuelewa mara moja. Mimi nilikuwa nimekuja na shukrani nilizozibeba miaka yote, nimezipanga njiani jinsi nitakavyozisema kabla hajaniuliza habari za mvua. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto yule mchanga sasa anachunga, kwamba Salimu alikuja kwenye harusi ya mdogo wangu akala mbuzi mzima, kwamba kama si yeye ningekufa kwenye udongo ule na mke wangu angenililia ugenini. Yeye, katika miaka hiyohiyo, alikuwa amehesabu kitu kingine.

"Mlichapwa siku nne," akasema, "kwa sababu nilidhani kupima kumetosha."

Nikamwambia yamepita. Hakunisikiliza. Alikuwa bado ameshika mkono wangu, akiuminya polepole kama mtu anayetaka kujua mbegu imekauka au bado.

"Mgongo," akauliza, "unakuuma wakati wa baridi?"

Ilikuwa miezi ya kipupwe. Asubuhi ile nilikuwa nimeamka kwa kushika ukuta, na njia nzima ya kuja nilitembea nimeinama upande mmoja.

"Hauumi, Mzee," nikasema. "Haujawahi kuuma."

Akauachia mkono wangu.